Mnara wa Ripon: wazazi waliuliza hili, wakajibiwa lile

Machi 2019 kampuni ya simu ya Sprint iliuzima mnara wake uliokuwa ndani ya eneo la Shule ya Msingi ya Weston, katika mji mdogo wa Ripon, jimbo la California, Marekani. Haikulazimishwa na mahakama. Vipimo vilivyofanywa kwa niaba ya wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo hilo, vilionyesha kuwa mnara uko chini ya kiwango cha sheria. Kwenye makaratasi ulikuwa halali kabisa. Kilichouzima ni sauti za wazazi ambao, tangu 2016, walikuwa wameshuhudia wanafunzi wanne wa shule hiyo moja wakigundulika kuwa na saratani.

Wanne, shule moja, ndani ya miaka mitatu hivi. Huhitaji kuwa mtaalamu wa fizikia ili ushtuke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi wale hawakuwa wajinga wala wazushi. Waliona watoto wanaugua, wakatazama huku na huku kutafuta kilichobadilika katika mazingira yao, na pale uwanjani palikuwa na kitu kirefu cha chuma ambacho hakuna aliyewahi kuwaeleza vizuri kinafanya nini.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu kinabeba karibu kila kitu kinachotokea mnara wa simu na shule vinapokutana. Nitasema mapema ninakosimama. Sioni sababu nzuri ya kuamini kwamba mnara ndio uliowapa watoto wale saratani. Ila mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wazazi hawakutendewa haki. Waliuliza, "Kwa nini watoto wetu wanaugua?" Wakajibiwa, "Mnara unatii sheria." Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na mnara ulipozimwa, swali lao nalo likazimika kabla halijajibiwa.

Neno "mionzi" na mzigo wake

Kiswahili chetu kimetubebesha mzigo hapa. Neno "mionzi" tunalitumia kwa eksirei ya hospitali, kwa bomu la Hiroshima, kwa matibabu ya saratani, kwa jua na kwa mnara wa simu. Mtu akiambiwa mnara unatoa mionzi juu ya madarasa, akili inakimbilia Hiroshima. Kosa si lake. Lugha imeviweka vitu visivyolingana ndani ya kapu moja.

Eksirei na mionzi ya nyuklia ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Hapo ndipo vinasaba hukatika, na seli iliyokatika vinasaba vyake ikitengenezwa vibaya inaweza kuwa chanzo cha saratani. Mawimbi ya simu ni ndugu wa mawimbi ya redio na televisheni. Nishati husafiri kwa vifurushi vidogo vidogo, na kifurushi kimoja cha wimbi la simu ni dhaifu zaidi ya mara milioni moja kuliko kile kinachohitajika kung'oa elektroni. Kuongeza idadi ya vifurushi hakukupi kimoja chenye nguvu. Punje milioni za vumbi zikiupiga mlango moja baada ya nyingine haziuvunji kama jiwe moja lenye uzito wao wote. Unachopata ukiongeza vifurushi ni joto, na ndivyo jiko la maikrowevu linavyofanya kazi.

Joto ndiyo athari iliyothibitishwa bila ubishi, na mipaka ya kimataifa imejengwa juu yake. Katika majaribio ya wanyama, dalili za mwili kuelemewa na joto huanza kuonekana pale mwili mzima unapofyonza takriban wati 4 kwa kila kilo ya uzito. Kwa raia wa kawaida, wakiwemo watoto, mpaka umewekwa kwenye wati 0.08 kwa kilo, yaani mara 50 chini yake. Kwa masafa kama ya mnara wa Ripon, sheria ya Marekani inatafsiri mpaka huo kuwa wati 10 kwa kila mita ya mraba ya eneo ambalo mawimbi yanapita.

Shule kwa kawaida hupata kiasi gani? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilikusanya vipimo vilivyokuwa vimefanywa karibu na minara sehemu zinazofikiwa na watu, likakuta viko kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango vya kimataifa. Shirika hilo hilo lilieleza jambo ambalo wengi hawalitarajii: katika viwango vinavyolingana, mwili hufyonza hadi mara tano zaidi ya mawimbi ya redio za FM na televisheni kuliko ya minara ya simu, kwa sababu masafa yale ya chini yanaendana zaidi na urefu wa mwili wa binadamu. Mawimbi hayo ya redio na televisheni yamekuwa yakitupitia kwa zaidi ya nusu karne.

Lipo pia suala la mwelekeo, na hapa ndipo hisia hutudanganya zaidi. Ukiwa chini ya mnara unahisi uko mahali pabaya kuliko pote. Lakini antena hazimwagi mawimbi chini. Zinayatupa mbele, yakiinama kidogo tu, kama mtu aliyesimama juu ya paa akimulika tochi mbali. Aliye chini ya miguu yake yuko gizani. Mwale mkuu hugusa ardhi makumi au mamia ya mita kutoka mnarani, na ukifika huko umekwisha tawanyika, maana umbali ukiongezeka mara mbili nguvu hushuka hadi robo. Ndiyo maana shule yenye mnara uwanjani inaweza kupokea mawimbi kidogo kuliko nyumba iliyo mita 200 upande ule antena zinakoelekea. Wale wanaodai sheria ya kuhamisha kila mnara umbali fulani kutoka shuleni wangelitafakari hili. Mnara uliosogezwa mita 150 unaweza kuwa ndio kwanza umeielekezea shule mwale.

Upande wa pili wa ushahidi

Nisingependa msomaji aondoke akidhani wanasayansi wote wamekunja mikono. Mei 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Uamuzi huo hutajwa kila mgogoro wa mnara unapozuka, na hutajwa nusu. Ulitegemea zaidi tafiti za watu wanaobandika simu sikioni kwa muda mrefu, si za watu wanaoishi karibu na minara. Simu iko sentimita chache kutoka kwenye ubongo. Mnara uko mbali, na nguvu yake imekwisha tawanyika. Tena simu inayotafuta mtandao kwa shida hupandisha nguvu yake ili isikike mnarani, kwa hiyo kuuondoa mnara wa karibu kunaweza kuzidisha mawimbi yanayoingia kichwani mwa anayepiga simu pale.

Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili za panya zilizotikisa mjadala. Moja ilifanywa na mpango wa kitaifa wa Marekani wa utafiti wa sumu. Panya waliwekwa kwenye mawimbi saa 9 kwa siku kwa miaka miwili, na kwa panya dume ulionekana ushahidi wa uvimbe adimu wa neva za moyo. Kipimo cha juu kilikuwa wati 6 kwa kilo mwili mzima, mara 75 ya mpaka wa raia. Na panya dume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakupigwa, jambo linalofanya matokeo yawe magumu kuyasoma. Ya pili ilitoka taasisi ya Ramazzini, Italia, ambako panya waliishi maisha yao yote kwenye mawimbi ya aina ya mnara, saa 19 kwa siku. Nao walipata ongezeko la uvimbe uleule kwa dume, katika kipimo cha juu kabisa tu, kilicho karibu na mpaka unaoruhusiwa kwa umma. Ninazichukulia tafiti hizi kwa uzito. Ni sababu nzuri ya kuendelea kuchunguza. Hazituambii kwamba asilimia moja au mbili ya mpaka huo inampa mtoto saratani ya figo.

Kwa upande wa binadamu, utafiti unaogusa swali la Ripon kwa karibu zaidi ulifanywa Uingereza na kuchapishwa 2010. Watafiti wa Imperial College London walichukua watoto 1,397 wa umri wa miaka 0 hadi 4 waliokuwa na saratani, wakawalinganisha na watoto wengine 5,588 wa umri na jinsia ileile, wakapima umbali na nguvu ya minara kutoka nyumba walizozaliwa. Hawakuona uhusiano. Mwaka 2024 mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yakijumuisha tafiti 63, yalisema mawimbi ya minara na vituo vya utangazaji hayaelekei kuongeza saratani ya damu kwa watoto. Kuhusu uvimbe wa ubongo wa watoto yalielekea huko huko, kwa uhakika mdogo zaidi.

Lisemwalo lipo, husema wahenga. Katika magonjwa, lisemwalo ni mwanzo wa uchunguzi, na Ripon walistahili uchunguzi huo.

Watoto wanne ni wengi kiasi gani?

Hapa ndipo penye uzito wa kisa, na ndipo palipopewa dakika chache kuliko pote.

Chukua shule yoyote ya msingi yenye wanafunzi 400. Nchini Marekani, kati ya watoto 100,000 wa umri wa shule ya msingi, takriban 14 hugundulika kuwa na saratani kila mwaka. Kwa shule hiyo, katika miaka mitatu, tungetarajia 0.17 ya mgonjwa, yaani shule nyingi hazitapata hata mmoja. Uwezekano wa kupata wanne kwa bahati tupu ni mdogo sana: nikipiga hesabu naupata kuwa kama shule 1 kati ya 36,000. Mzazi wa shule hiyo akiambiwa namba hiyo atasema, na ana haki, kwamba hii si bahati.

Lakini Marekani ina zaidi ya shule za msingi 60,000 za umma. Kwa hesabu ileile, katika kila kipindi cha miaka mitatu tungetarajia kuikuta shule moja au mbili yenye watoto wanne wagonjwa, bila mnara, bila sumu, bila sababu yoyote ya pamoja. Mwaga punje za mtama sakafuni: hazitakaa kwa nafasi sawa. Kuna mahali zitarundikana, na aliyesimama kwenye rundo ataapa kuwa kuna mkono uliozisukuma.

Hesabu hii haithibitishi kwamba Ripon ilikuwa bahati mbaya. Inaonyesha tu kwamba bahati mbaya inatosha kueleza, na kwamba ili kujua zaidi lazima uulize mambo mengine. La kwanza: je, ni saratani ya aina moja? Sababu moja ya kimazingira mara nyingi huacha alama ya aina moja au chache zinazofanana. Weston ilikuwa na mtoto mwenye saratani ya figo na mwenye uvimbe wa ubongo, magonjwa yenye asili tofauti. La pili: lini? Saratani huchukua muda kukua. Hata baada ya Hiroshima, ambako mionzi ilikuwa ya aina inayokata vinasaba, saratani ya damu ilifikia kilele baada ya miaka kadhaa, na vivimbe vingine vilianza kuongezeka takriban muongo mmoja baadaye. Kwa hiyo anwani ya kuangalia si shule pekee. Ni alikozaliwa mtoto, alikoishi akiwa mchanga, hata mama alikokuwa wakati wa mimba. La tatu: nani amewekwa ndani ya duara? Ukihesabu wagonjwa kwanza na kuchora mpaka wa eneo baadaye, duara litawafuata wagonjwa popote walipo.

California ina sajili ya saratani ya jimbo zima tangu 1988. Inaweza kulinganisha idadi ya wagonjwa wa eneo na idadi inayotarajiwa, kwa umri na kwa aina ya saratani. Hicho ndicho chombo kilichotengenezwa kwa swali la wazazi wa Ripon. Hata hivyo nisiwape watu matumaini ya uongo. Mwaka 2012 yalichapishwa mapitio ya uchunguzi 428 wa marundo ya saratani uliofanywa Marekani kwa miaka 20. Ndani yake mlikuwa na saratani 567 zilizotiliwa shaka. Ongezeko la kweli lilithibitishwa kwa 72, tatu zilihusishwa na kisababishi kilichoshukiwa, na ni moja tu iliyopata chanzo kilicho wazi. Ni majibu ya kukatisha tamaa. Lakini mzazi aliyeonyeshwa hesabu hizo mezani, kwa heshima, na mtu aliyekuja kumsikiliza, ameheshimiwa. Aliyetupiwa karatasi isemayo "chini ya kiwango" hajaheshimiwa.

Mkataba

Tuje kwenye jambo ambalo halina fizikia ndani yake.

Mnara wa Weston haukuwa wa jirani. Ulikuwa kwenye ardhi ya shule, kwa mkataba, na kwa mujibu wa taarifa za habari za wakati ule wilaya ya shule ilikuwa ikipokea kodi ya takriban dola 2,000 kwa mwezi. Sizungumzii rushwa. Shule nyingi hukodisha paa na viwanja vyao kwa kampuni za simu kwa sababu bajeti hazitoshi, na fedha hizo huingia kwenye vitabu na madawati. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mzazi. Anayekwambia mnara ni salama ndiye anayelipwa kwa mnara kuwepo. Anayelipia kipimo ni yule yule. Hata kipimo kikiwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, hakiwezi kukutuliza.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wilaya ilileta wahandisi, wakasema viwango viko chini sana ya mpaka. Wazazi wakaleta mtaalamu wao, akasema viwango ni vya juu kuliko vilivyoripotiwa. Mtu wa nje anasikia ripoti mbili zinazopingana na kudhani sayansi imegawanyika. Mara nyingi haijagawanyika. Kipimo cha juu zaidi na kipimo cha chini vyote viwili vinaweza kuwa sehemu ndogo sana ya mpaka. Ugomvi halisi ni kwamba kila upande uliajiri wake. Mpimaji mmoja aliyekubaliwa na pande zote kabla hajawasha kifaa angeokoa miezi ya uchungu.

Sheria nayo iliwafunga wazazi mlango mmoja. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1996, katika kifungu cha 704, inazizuia serikali za miji na majimbo kukataa mnara kwa sababu ya athari za mawimbi, iwapo mnara unatii kiwango cha shirikisho. Ukienda kwenye baraza la mji ukasema unaogopa mionzi, baraza haliruhusiwi kuukataa mnara kwa hoja hiyo. Ninaelewa kwa nini kifungu kiliwekwa: mtandao wa taifa hauwezi kujengwa ikiwa kila mtaa utajitungia sayansi yake. Ila mtu ambaye hofu yake haihesabiki mahali pa kuisemea huenda akaisemea kwingine, na kwa sauti kubwa zaidi.

Mlango wa pili haukufungwa, na wengi hawauoni. Wilaya ya shule, kama mwenye ardhi, hailazimiki kukodisha. Kifungu cha 704 kinahusu mamlaka inayotoa vibali. Hakimlazimishi mwenye kiwanja kusaini. Wakati wa wazazi kusema hapana ulikuwa ule kabla ya saini, kwenye kikao cha bodi ambacho huenda ajenda yake ilikuwa mstari mmoja tu. Uingereza ililiona hili mapema. Mei 2000 kamati iliyoongozwa na Sir William Stewart, pamoja na kusema kwamba ushahidi kwa ujumla hauonyeshi hatari kwa wanaoishi karibu na minara, ilipendekeza kwamba mwale wenye nguvu kuliko yote usiangukie sehemu yoyote ya shule bila ridhaa ya shule na wazazi. Hilo ni pendekezo la watu waliofahamu umbo la mwale. Hawakusema "mita kadhaa". Walisema mwale uanguke wapi, na nani aulizwe.

Uswisi ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2000, kila mnara una mpaka wake wa volti 4 hadi 6 kwa mita (kipimo kingine cha nguvu ya mawimbi) mahali watu wanapokaa muda mrefu, shule na viwanja vya kuchezea watoto vikiwemo, wakati kiwango cha kimataifa kwa masafa hayo kilikuwa volti 41 hadi 58. Wao wenyewe waliuita tahadhari, si ushahidi wa madhara. Nchi ikichagua tahadhari kwa uwazi namna hiyo, inajadilika. Ninachokikataa ni tahadhari inayojificha nyuma ya maneno ya sayansi, na usalama unaojificha nyuma ya maneno ya sheria.

Isitoshe, kiwango chenyewe cha Marekani kiliwekwa 1996. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamua kukiacha kama kilivyo. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya Washington iliirudishia tume uamuzi huo, ikisema haikueleza vya kutosha kwa nini imeupuuza ushahidi uliowasilishwa kwake, hasa kuhusu watoto na kukaa kwenye mawimbi kwa muda mrefu. Mahakama haikusema mawimbi yanadhuru. Ilisema mliulizwa na hamkujibu. Wazazi wa Ripon wangeweza kuandika sentensi hiyo miaka miwili kabla.

Maji

Linaloniumiza zaidi katika kisa hiki liko chini ya ardhi.

Ripon ina historia ya maji ya ardhini kuchafuliwa na trikloroethilini, kiyeyushi cha viwandani ambacho zamani kilitumika, pamoja na mengine, kuondoa kafeini kwenye kahawa. Mji ulikuwa na kiwanda cha aina hiyo. Mwaka 2012 shirika lile lile la utafiti wa saratani lililoyaweka mawimbi ya redio kundi 2B liliiweka trikloroethilini kundi 1, yaani kitu kilichothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Na saratani iliyothibitishwa ni ya figo.

Nasema kwa uangalifu mkubwa. Ushahidi ule unatokana hasa na watu wazima waliokuwa wakiishika kemikali hiyo kazini, na saratani ya figo ya mtoto mara nyingi si ugonjwa uleule wa mtu mzima. Kuwepo kwa uchafu chini ya mji hakumaanishi kwamba umefika kwenye bomba la nyumba fulani. Sitaki kumwondolea mnara lawama nisiyoiona na kuyatwika maji lawama nisiyoipima. Ninachosema ni kwamba kati ya washukiwa wawili, mmoja ana rekodi na mwingine ana urefu. Mwenye urefu ndiye aliyepelekwa kwenye mahakama ya maoni ya umma. Wazazi wenyewe baadaye walianza kuuliza habari za maji, na hilo linaonyesha kwamba walichotaka ni jibu, hata likitoka kusikokuwa na chuma.

Mnara una bahati mbaya ya kuonekana. Uko pale kila asubuhi mzazi anapomshusha mtoto. Maji hayana sura, na radoni, gesi ya asili yenye mionzi inayopenya kwenye sakafu, haina sura. Kamera za televisheni nazo zinahitaji kitu cha kupiga picha.

Baada ya kuzimwa

Sprint ilisisitiza kwamba mnara ulikuwa ndani ya kiwango, kisha ikauzima. Kwa kampuni ilikuwa hesabu rahisi: mnara mmoja hauna thamani ya kugombana na mji mzima. Kwa wazazi ulikuwa ushindi, na siwanyang'anyi. Lakini kila upande uliondoka na funzo lisilo sahihi. Majirani wa minara mingine walisoma kuzimwa kama kukiri kosa. Kampuni nyingine zilijifunza kwamba vipimo havisaidii, kwa hiyo kwa nini kuhangaika kuvieleza.

Jambo la aina hii lilikuwa limetokea Valladolid, Hispania, mwishoni mwa 2001. Watoto kadhaa wa shule moja waliugua saratani za damu, na juu ya jengo la jirani kulikuwa na msitu wa antena. Jaji akaamuru zizimwe. Wataalamu waliochunguza baadaye hawakupata uhusiano, lakini picha ya antena na shule ilikwisha kaa vichwani mwa watu, na hofu ikasambaa hadi miji mingine ya nchi hiyo. Kuzima ni tendo linaloonekana kwenye picha. Ripoti ya kurasa mia haionekani.

Na hofu yenyewe si kitu cha kupuuzwa. Wapo watu wanaoumwa kichwa, wanaokosa usingizi, wanaohisi mapigo ya moyo yakienda mbio karibu na antena. Maumivu yao ni ya kweli. Majaribio ambayo wala mshiriki wala mpimaji hakujua kama mawimbi yamewashwa yamefanyika mara nyingi. Mapitio ya 2010 yalihesabu majaribio 46 yenye washiriki 1,175 waliojiona kuathirika kwa urahisi. Kwa ujumla hawakuweza kutambua mawimbi yanapowashwa, na dalili zilikuja hata yakiwa yamezimwa, mradi tu wamedhani yamewashwa. Shule inayoachia hofu ikue miezi sita bila maelezo inawapa watoto maumivu ya kichwa halisi kutoka kwenye mnara ambao huenda hata haujaunganishwa umeme.

Kama ningekuwa mzazi pale Weston, barua yangu ya kwanza ingekwenda kwenye sajili ya saratani ya jimbo, ikiomba idadi inayotarajiwa na idadi halisi kwa kila aina ya saratani, kwa anwani ya kuzaliwa na si ya shule pekee. Ya pili ingekwenda kwa mamlaka ya maji, ikiomba matokeo ya visima vyote vya mji kwa miaka ishirini, na kipimo cha bomba la nyumbani kwangu. Ya tatu ingekwenda kwa bodi ya shule, ikidai nakala ya mkataba, jina la aliyesaini, tarehe ya kikao, na fedha zimekwenda wapi. Barua kuhusu mawimbi ingekuwa ya nne. Ingeomba mpimaji tuliyemchagua pamoja, apime madarasa ya upande ule ambao antena zinaelekea, saa ambazo simu zinatumika zaidi, mnara ukiwa umewashwa na kisha ukiwa umezimwa, na abandike namba zote mlangoni mwa shule.